Punda Niliyemficha Msibani

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, ila sifichi. Mgeni akiondoka kwangu, najua sukari imepungua kiasi gani kwenye kopo. Mtu akinisifia kitenge, najiuliza anataka kuazima nini. Marehemu baba alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitamwomba malaika wa mlangoni kitambulisho kabla sijakubali kuingia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani msiba ndio ulioniharibu. Msiba ulinikuta hivi hivi nilivyo.

Baba alifariki mwishoni mwa mavuno, mabua ya mtama yakiwa bado yamesimama shambani na alizeti imeshapigwa na kufungwa kwenye magunia. Aliugua wiki tatu tu. Tulimzika nyuma ya nyumba, watu wakaja kutoka vijiji vya jirani na wengine kutoka Kiomboi, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu sufuria zilizoazimwa na kuangalia nani amekuja kuzika na nani amekuja kula.

Siku ya pili baada ya maziko mama aliniita chumbani. Nilikuwa nimerudi kuishi nyumbani miaka sita nyuma, baada ya ndoa yangu kuvunjika, kwa hiyo mimi na yeye tulishazoea kuambiana mambo bila kuzunguka. Alikuwa amekaa kitandani, upande aliokuwa akilala baba.

"Baba yako ameniachia neno moja," alisema. "Mdogo wako asirudi tena mjini. Akae hapa, ashike nyumba. Mimi nimechoka, na wewe peke yako huwezi. Mfanyie wepesi abaki. Sikuombi kingine."

Nikaitikia. Ilikuwa rahisi kuitikia, maana mdogo wangu alikuwa bado njiani. Hakuwahi maziko. Alikuwa ameondoka nyumbani miaka tisa iliyopita, akawa anafanya kazi za ujenzi huku na kule, na tulikuwa tunamwona Krismasi moja moja. Alipoingia uani jioni ile, na begi moja na simu kubwa mkononi, alimkumbatia mama, akalia. Kilio chenyewe kilikuwa kifupi. Kisha akanigeukia.

"Shikamoo dada. Pole."

"Marahaba. Pole na wewe."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja zizini kwa punda, akasimama pale na mkono wake juu ya mgongo wa mmoja wao, jike. Nikajisemea kimoyomoyo, huyu ameanza kukagua mali.

Na mali yenyewe ilikuwa hao punda. Nyumba ni ya matofali mabichi, shamba ni la ukoo, kuku hawahesabiki. Lakini punda walikuwa wawili, dume na jike, wenye afya, na baba aliwapenda kuliko alivyotaka watu wajue. Aliwanunua mnadani siku moja wakiwa wadogo, kwa watu wawili tofauti, na tangu siku hiyo hawakuwahi kulala mbalimbali. Walibeba maji pamoja, madumu manne manne kila mmoja. Walibeba alizeti kwenda mashineni pamoja. Mchana wakiwa hawana kazi walisimama kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwenzake, kila mmoja akimfukuzia mwenzake nzi. Baba aliwakata ncha ya sikio la kushoto, alama ya nyumba yetu tangu enzi za babu, na siku ile ya kukata alikula ugali bila kusema neno.

Asubuhi ya kwanza bila baba, walikuja wenyewe wakasimama mbele ya mlango wake. Walingoja. Jua likapanda, wakaendelea kungoja, masikio yameelekezwa mlangoni. Hapo ndipo nililia, nikiwa na ufagio mkononi, na nilishukuru kwamba hakuna aliyeniona.

Kwa hiyo mtu anielewe nilivyojisikia siku ya nne baada ya maziko, nilipomkuta mdogo wangu zizini na utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani. Alimzungushia jike kifuani, akasoma, akaandika kwenye simu. Akapima mgongo kuanzia shingoni mpaka mkiani. Akapima urefu mpaka begani. Akahamia kwa dume, akafanya hivyo hivyo, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akawapiga picha.

"Unapima nini?" niliuliza.

"Napima tu, dada."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Miaka ile yote kulikuwa na maneno ya watu wanaonunua punda kwa ajili ya ngozi. Kila mtu alikuwa na hadithi yake: gari lililoonekana mahali fulani, punda waliopotea kijiji fulani, mizoga iliyokutwa porini imechunwa na nyama imeachwa. Sikujua ngapi kati ya hadithi hizo ni za kweli. Lakini nilijua kwamba anayenunua ngozi lazima ajue ukubwa wake.

Kesho yake nilikuwa jikoni nachambua mlenda, naye akaja kuongea na simu nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo mtandao unashika. Alishusha sauti. Mimi nikaacha kuchambua.

"Wawili," alisema. "Dume na jike. Wana nguvu, ndiyo. Vipimo nimeshakutumia. Hapana, nyumbani hawajui, nataka nimalize kwanza ndipo niwaambie. Wiki ijayo uje nao."

Niliwaza kumwambia mama, nikaona nitamuua. Niliwaza kumwambia baba mkubwa, kaka yake marehemu, nikaona atamfukuza kijana siku hiyo hiyo, na mimi nimeahidi abaki. Nikaamua nitashughulika mwenyewe. Nikimficha mmoja, nilijiambia, mnunuzi atakuja akute biashara imeharibika, mdogo wangu atatulia, na mambo ya msiba yakiisha nitamrudisha jike kimya kimya. Niliuona mpango huu kuwa wa akili nyingi.

Jumapili ile nyumba nzima ilikwenda kanisani kwa ibada ya shukrani. Nilisema kichwa kinaniuma. Walipopotea tu, nilimfungua jike, nikamwacha dume amefungwa, nikashika njia ya mkato kwenda Ulemo kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye miguu ilimzuia kuja msibani. Ni mwendo wa saa mbili ukitembea bila kusimama. Jike alikataa kutoka. Alijikita, akageuza kichwa, akalia, na dume akamjibu kutoka zizini, na waliendelea kujibizana mpaka tulipovuka yale mawe makubwa na sauti ikakatika. Nilimvuta. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Mama mdogo nilimwambia kwamba mama ameomba amtunzie punda siku chache, nyumbani wageni ni wengi. Akafurahi. Akanipa na karanga. Nilirudi mbio, na ibada yetu haiishi mapema, kwa hiyo walinikuta nimejifunga kitambaa kichwani, nimelala kwenye mkeka.

Mdogo wangu ndiye aliyegundua. Alitoka zizini amebadilika rangi.

"Dada, jike yuko wapi?"

"Si amefungwa?" nilisema, nikainuka kama mgonjwa.

Kwetu mfugo ukipotea watu hawalali. Yowe lilipigwa, na haikupita muda wanaume wa kitongoji walikuwa uani na fimbo zao, baba mkubwa akiwa mbele. Udongo wetu ni wa kichanga, na watu wamekua wakisoma nyayo. Mtu anaweza kukwambia ng'ombe wa nani amepita hapa, na kama alikuwa anachechemea. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na bado siku ile lilinitoka akilini kabisa. Niliwaza kila kitu isipokuwa kwamba nilitembea na miguu yangu mwenyewe.

Lakini mdogo wangu alikuwa ameshatangulia. Alizunguka nyuma ya zizi peke yake kabla ya wengine, akawa anatembea huku akiburuza miguu, kichwa chini, huku na huku. Nilimtazama nikiwa mlangoni, nikacheka moyoni. Mji umemsahaulisha, nikasema, anakanyaga kile anachotafuta. Wenzake walipofika alinyoosha mkono upande wa barabara ya Kiomboi.

"Wamempitisha huku," alisema.

Walimfuata. Walitafuta mpaka giza, wakatafuta tena Jumatatu na Jumanne, wakauliza kila kijiji kando ya barabara ile. Jumatano mzee mmoja mwenye macho makali alizunguka mwenyewe nyuma ya zizi, akarudi akamnong'oneza baba mkubwa. Jioni maneno yakaanza. Nani aliyewaelekeza barabarani? Nani anajuana na watu wa mjini? Nani alionekana akipima punda kwa utepe? Walioniuliza mimi niliwajibu kwamba sijui, na nilijibu kwa namna ambayo mtu angeweza kuijazia mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikusema uongo juu yake. Niliacha tu nafasi.

Wakati huo huo dume alikuwa ameacha kula. Mwanzoni nilidhani ni kiburi. Siku ya tatu alikuwa anasimama ameelekea njia ya Ulemo, mdomo umefungwa, mabua mabichi yamelala miguuni pake. Mdogo wangu alilowesha pumba kwa maji ya chumvi, akakaa chini kwenye samadi, akawa anamlambisha kidogo kidogo kwa mkono. Nilipita na ndoo nikamwona. Hata pale, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama hamwekei kitu ndani ya hizo pumba.

Ijumaa alikuja bwana mifugo kwa pikipiki. Alimpima joto, akamfungua mdomo, akamgusa tumbo pande zote mbili.

"Walikuwa wawili?" aliuliza.

"Wawili," alisema mdogo wangu.

"Basi dawa yake ni mwenzake. Punda waliokua pamoja hivi, ukimwondoa mmoja ghafla, aliyebaki anaweza kujifia na njaa mbele ya chakula. Mtafuteni huyo jike haraka. Akishalala chini, msinipigie simu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nilichomletea. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikauliza kama anataka sukari zaidi.

Jumamosi likaja gari dogo la mizigo kutoka Singida mjini, na nyuma yake mkokoteni mpya. Ulikuwa wa chuma, na magurudumu ya gari, na mti mrefu wa katikati wenye nafasi mbili, kulia na kushoto, za kufungia punda wawili. Fundi alishuka, akamtafuta mdogo wangu kwa macho.

"Nimefuata vipimo vyako," alisema. "Wako wapi wenyewe tuwajaribu?"

Mdogo wangu alimwambia tuna matatizo kidogo. Wakaushusha, wakauegesha kando ya ukuta. Mama alitoka ndani, akaupapasa.

"Nilitaka punda wasibebe tena mgongoni, mama," alimwambia. "Na mimi nipate kazi ya kufanya hapa. Kuchota maji, kupeleka alizeti mashineni, ya kwetu na ya watu. Nilitaka niwaambie ukishafika."

Hapo nilijua. Nilijua kila kitu, kuanzia utepe mpaka ile simu nyuma ya jiko. Na bado nilikaa siku tatu nyingine. Kila nilipotaka kusema, nilimwona baba mkubwa na wanaume waliotembea mpaka nyayo zikachubuka, wakimtafuta punda ambaye nilijua amelala wapi. Aibu ilinifunga mdomo. Nilijipanga kwenda Ulemo nimrudishe kwa siri, lakini uani hapakukosa watu, na dume alikuwa tayari anaegemea ukuta ili asianguke.

Siku ya kuanua matanga ilikuwa Jumanne. Ukoo ulikaa uani, wanaume kwenye viti na mabenchi, sisi kwenye mikeka. Mambo ya shamba yakapita. Mambo ya nguo za marehemu yakapita. Kisha baba mkubwa akamwambia mdogo wangu asimame.

"Punda wa ndugu yangu yuko wapi?"

"Sijui aliko, baba."

"Ulitupeleka barabarani siku tatu. Nyuma ya zizi nyayo zimefutwa kwa mguu, na mguu ni wako. Ulikuwa unamficha mwizi gani?"

Mdogo wangu aliangalia chini. Hakuniangalia. Nilisubiri aniangalie, na hakuniangalia.

"Nilikosea, baba," alisema.

"Umekosea. Basi kesho panda basi urudi ulikotoka. Nyumba hii tutaitazama sisi. Marehemu alitaka ukae, lakini hatuwezi kukaa na mtu anayeuza punda wa baba yake kabla matanga hayajaanuliwa."

Mama alijifunika kitenge usoni. Nikasimama. Sikumbuki nilivyosimama, nakumbuka tu kwamba magoti yalikuwa na alama za mkeka.

"Punda yuko Ulemo kwa mama mdogo," nilisema. "Nilimpeleka mimi Jumapili ile mlipokuwa kanisani. Nilidhani mdogo wangu anamuuza kwa watu wa ngozi. Hajafanya chochote."

Yule mzee mwenye macho makali alikohoa. Baba mkubwa alinitazama miguuni, siyo usoni, akatikisa kichwa. Mama alifunua kitenge.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

Tulikwenda Ulemo wawili, mimi na mdogo wangu, mara tu kikao kilipovunjika. Alitembea mbele na kamba begani. Katikati ya njia nilishindwa kuvumilia.

"Uliziona nyayo zangu?"

"Kandambili yako ya kushoto imekatika kisigino. Nani hapa asiyeijua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani umemuuza wewe." Hakugeuka. "Nilisema dada atakuwa na shida kubwa, anaona aibu kuomba. Nikasema ngoja nizifute, atanieleza mwenyewe akiwa tayari. Nilikuwa nakusubiri uniambie."

"Nami nilidhani..."

"Najua ulichodhani, dada. Kijiji kizima kinajua."

Jike alitusikia kabla hatujamwona. Kurudi hakuvutwa. Alitutangulia, kamba imelegea, na tulipokaribia yale mawe alianza kulia, akasimama, akatega masikio. Akalia tena. Hakujibiwa. Mdogo wangu alianza kukimbia, nami nikamfuata, na tulimkuta mama amesimama zizini na kitambaa mkononi akifukuza nzi kwenye kichwa cha dume. Dume alikuwa amelala chini tangu tulipoondoka. Alikuwa ameshakufa.

Baba mkubwa alitaka atolewe haraka kabla jua halijazama. Mdogo wangu alikataa, kwa adabu, lakini alikataa.

"Mwacheni amwone kwanza," alisema.

Jike alimnusa usoni, masikioni, kwenye lile sikio lililokatwa. Alimsukuma shingo kwa pua, mara mbili tatu. Kisha akasimama, kichwa chake upande wa mkia wa mwenzake kama walivyokuwa wakisimama siku zote, na mkia wake ukaanza kupunga juu ya macho yaliyofumbwa nusu. Tulimngoja mpaka alipochoka mwenyewe. Nililia mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Mdogo wangu hakuondoka. Mkokoteni aliupeleka kwa fundi wa kuchomelea, ukakatwa mti wa katikati, ikawekwa miti miwili ya pembeni, ya punda mmoja. Jike alikula vibaya mwezi mzima, kisha akazoea. Mama anaongea nami kama zamani. Baba mkubwa pia, akishapata pombe kidogo, hunitania kuhusu kandambili, na mimi hucheka inavyopasa.

Mdogo wangu hajawahi kunirudishia neno baya. Ananisalimia kila asubuhi, ananiachia mboga ya kwanza. Ila nikimfungua jike na kuanza kupakia madumu kwenye mkokoteni, hata awe ndani ananawa uso, hutoka, akasimama mlangoni.

"Dada, unampeleka wapi?"

Anauliza kwa upole, na madumu anayaona. Nami husimama, nikamjibu: kisimani, nitapitia njia ya shuleni, nitarudi kabla jua halijawa kali. Husubiri mpaka nimalize kusema yote, ndipo anarudi ndani.